Kadi ya Kupapasa

Dada yangu kipenzi,

Ndoa tamu, jamani! Jana mume wangu, fundi cherehani wangu, alichonga kiazi, akakichovya kwenye rangi, akagonga nyota kwenye karatasi za kufungia zawadi.

"Hiyo nyota au buibui?" nikamcheka.

"Kunja karatasi, bibi harusi, acha maneno!"

Kadi ya Krismasi ya Mama ameishona maua kwa uzi mnene, ili Mama aipapase kwa vidole, maana macho ndiyo hayo yameshazima.

Umenipigia simu kwamba daktari amesema Mama hafiki Krismasi. Basi naituma leo. Usimwekee hadi siku yenyewe, dada. Ichane karatasi kwa kelele asikie. Najua kudanganya hukuwezi, lakini akiuliza, mwambie leo ndiyo Krismasi.

Mdogo wako anayekupenda,
Bibi harusi