Nilisema Simjui

Kwako mshauri,

Pokea salamu zangu, na unisamehe kwa urefu wa barua hii, maana mimi si msemaji, hata darasani mwalimu akiuliza jambo ninalolijua huwa naliandika pembeni mwa daftari badala ya kuinua mkono. Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu, na kwetu ni Bongwe. Wazazi wangu ni Wakamba waliokuja huku kulima kabla sijazaliwa, na mimi nilijua Kidigo kabla ya kujua kusoma.

Taabu yangu imezuka kwa sababu ya insha. Muhula uliopita tuliandika insha za kushindania zawadi, mada ilikuwa maisha ya binadamu katika karne ijayo, ya ishirini na moja, nikashinda, na sasa natakiwa niisome jukwaani mbele ya wazazi na wageni mwisho wa mwezi huu. Mwalimu Tembo anayetufundisha Kiswahili aliniambia alipoisoma alipata matumaini. Niliandika kwamba binadamu amejifunza kutokana na vita vya karne hii, kwamba watoto wetu watashangaa kusikia kuwa watu waliwahi kuuana kwa sababu ya kabila, na nilipokuwa nikiandika sikuamini hata sentensi moja. Nikitazama huku kwetu naona hoteli zimefungwa, wapishi na wahudumu wamekaa barazani mchana kutwa, wasichana wa rika langu wanateremka Diani kuwatafuta wazee wachache wa Kizungu waliobaki, kila mwezi tunazika mtu aliyekonda na hakuna anayeutaja ugonjwa wake, na nyumba zilizochomwa mwaka jana zimeota majani hadi dirishani. Lakini hayo yote ningeyabeba kama wenzangu wanavyoyabeba, kama si jambo moja ambalo sijamwambia mtu.

Agosti mwaka jana, watu wa bara walipokuwa wakifukuzwa huku Pwani, baba alikuwa Kitui mazishini, mama na wadogo zangu wakapata gari la kuwapeleka kanisani Ukunda, gari likajaa, nami nikabaki kwa jirani yetu Mama Matano, ambaye ni Mdigo na amenilea kama wanawe. Alinificha chumbani kwake siku mbili. Asubuhi ya siku ya tatu alinivisha buibui la bintiye, akanifunika uso yakabaki macho, akasema, "Ukiulizwa, wewe ni mtoto wa dada yangu wa Msambweni. Na usitembee kama mwanafunzi, tembea kama mtu aliyetumwa chumvi."

Kabla ya kufika barabara ya lami tukakuta vijana watano wenye mapanga. "Mwaenda wapi, mama?" akauliza mmoja. Mama Matano akajibu, "Nampeleka mtoto zahanati, tumbo lamuuma. Na wewe Rai, mamako ajua uko hapa na hilo panga lake la kukatia nyasi?" Wenzake wakamcheka, na nilidhani tumepita. Hapo ndipo Viola alipotokea kwenye mikorosho.

Viola ni mwenzangu wa dawati tangu kidato cha kwanza. Baba yake, Mzee Gerishom, ametoka magharibi mwa nchi, alikuwa mpishi hotelini. Viola alikuwa peke yake, amevaa kandambili moja, akatujia moja kwa moja kwa kuwa tulikuwa wanawake, nadhani, akasema, "Shikamoo, mama," na kwa matamshi yake tu wale vijana wakageuka. Mmoja akanitazama mimi. "Wewe dada, huyu wamjua?" Mama Matano alikuwa ameshaanza kusema, nilimsikia kwa masikio yangu akisema, "Hawa wote ni—" nami nikamkata kauli, nikasema kwa Kidigo kwamba simjui.

Hakuna aliyekuwa ameniinulia panga. Mama Matano akafunga mdomo, maana baada ya neno langu angedai vipi kwamba Viola ni wake bila kutuangamiza sote. Tukaambiwa tupite, tukapita. Nilimsikia Viola nyuma yetu akilia, lakini hakutaja jina langu, nami sikugeuka. Walimkata kwa panga kwenye mkono wa kulia, akapoteza vidole vitatu, akalazwa hospitali zaidi ya mwezi.

Sijamwona tangu siku ile. Wanakaa Ukunda, yeye na wazazi wake, na mimi nikienda sokoni huzunguka nyuma ya maduka nisipite mlangoni pao. Mama Matano hajawahi kulitaja jambo hilo. Bado hutuletea sahani ya chakula, ila zamani aliniita mwanangu na sasa ananiita kwa jina.

Wiki iliyopita Maryanne, mwanafunzi mwenzetu anayekaa jirani na akina Viola, alinijia wakati wa mapumziko. "Profesa," ndivyo wanavyoniita kwa kunitania, "Viola anakusalimu sana. Anarudi shule muhula ujao na hataki kurudia darasa. Anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, mwandiko wake sasa ni kama kuku amekanyaga wino, mwenyewe anaucheka. Anataka madaftari yako ya historia, na anasema umwekee nafasi yake pale pale dawatini."

Sijui kama alinijua. Uso wangu ulifunikwa, lakini sauti yangu anaijua. Kama alinijua akanyamaza, basi aliniokoa baada ya mimi kumtupa, na ikiwa hakunijua, nitakaa kando yake kila siku nikiutazama mkono ule. Silali vizuri, na kila nikiichukua ile insha naona kwamba anayesema uongo juu ya binadamu ni mimi. Nasoma vitabu, nalia nikisoma habari za watu ambao sijawahi kuwaona, na bado nilimtupa rafiki kwa neno moja. Sasa yule asiyesoma, mwenye njaa na panga mkononi, tutarajie nini kwake katika karne ijayo? Je, binadamu ana matumaini yoyote? Niisome insha? Nimwambie Viola, au nife na siri hii?

Mwanafunzi, Kwale

JIBU

Mwanangu, majina uliyoyataja nimeyabadilisha kabla ya kuchapisha barua yako. Nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu niliiweka chini nikaenda kusimama nje kidogo.

Tuanze na panga. Aliyemkata Viola ni yule aliyelishika, pamoja na waliomtuma. Usijitwike mzigo wao, maana wangefurahi sana kupata mtu wa kuwabebea. Ulikuwa na miaka kumi na sita, umefichwa siku mbili, umevishwa nguo na jina la mtu mwingine, na hofu ilikutangulia kusema. Simfahamu mtu mzima anayeweza kuapa kwamba angefanya vingine, na anayeapa hivyo usimwamini.

Lakini neno ulilisema, na sitakudanganya kwamba halikuwa na uzito. Huenda Mama Matano angewapitisha nyote wawili. Huenda mngeangamia watatu. Hutajua kamwe, na kutojua huko utaishi nako.

Ninalokugombezea ni hili. Siku ile uliogopa mapanga. Je, miezi hii kumi na moja umeogopa nini? Njia ya kupita mlangoni kwa Viola haina kijana aliyesimama na panga. Unazunguka nyuma ya maduka, mtoto wa watu amekatwa vidole, mwenzake wa dawati hajampelekea hata uji, na bado unaniuliza mimi habari za binadamu wote! Umemleta binadamu katika barua yako kwa sababu yeye hana uso wa kukutazama. Viola anao.

Unataka nikuambie kama alikujua. Sijui. Wewe nenda kama mtu anayejua kwamba Viola anajua. Usingoje muhula ufunguliwe akae kando yako bila kujua amekaa na nani. Hiyo itakuwa mara ya pili kumfanyia jambo bila ridhaa yake, na mara hiyo hutakuwa na hofu ya kusingizia.

Insha usiisome. Mwambie Mwalimu Tembo kwamba uliandika usiyoyaamini, inatosha. Akikasirika, atakasirika. Habari za Viola usimpe, wala usizipandishe jukwaani siku yoyote, maana ni zake kabla ya kuwa zako, na wageni watakupigia makofi kwa ujasiri wako huku yeye ameketi na mkono mapajani.

Leo jioni mwambie mama yako yote, asije akayasikia kwa watu. Mama Matano usimwombe akusindikize. Alishakupitisha njia ile mara moja na imemgharimu. Mshukuru, jambo ambalo kwa barua yako sioni kama umewahi kulifanya.

Madaftari yapeleke yote, ya historia na mengine, na umwachie hata akikufukuza. Anayahitaji kwa masomo, hayo si malipo. Asipotaka kukaa nawe tena dawatini, wewe ndiye utakayehama, kimya kimya, bila kuwaeleza wenzenu kwa nini. Anaweza asikusamehe, na hatakuwa amekosea. Usimwombe msamaha siku hiyo hiyo, maana utamlazimisha akuhudumie wewe.

Kuhusu karne ijayo sina la kukufariji. Hata mimi naogopa, na umri wangu haujanisaidia. Wewe nenda Jumamosi, mchana. Piga hodi, msalimu mama yake, umwombe nafasi ya kusema na Viola. Usianze na buibui, wala baba kuwa Kitui, wala gari kujaa. Mtazame usoni, umwambie, "Ni mimi niliyesema sikujui." Kisha nyamaza, na usiondoke mpaka yeye akuambie uondoke.