Sijui Nikuombee Nini

Mjukuu wangu, mume wangu,

Chai iko kwenye chupa, viazi nimevifunika. Kula kwanza.

Asubuhi ukiwa umelala, kocha wako alikuja. Anasema umefungiwa kucheza, eti ulicheza kamari ukaweka pesa timu yako mwenyewe ishindwe. Nikamwambia, "Kocha, huyu si ndiye beki wako?" Akasema kamari ni ugonjwa, ina daktari wake. Mimi ugonjwa ninaoujua una homa.

~~Simu yako nimeitupa chooni.~~ Simu ninayo mimi, usinune. Nimekwenda kwa huyo daktari kukuombea nafasi.

Ila nieleze, baba. Kila mechi nilipiga magoti nikikuombea mshinde. Kumbe nilikuwa nakuombea hasara? Na leo nikuombee nini?

Bibi yako