Siku Tisa za Kusubiri Theluji

Guangzhou, Jumamosi, Januari 2009

Nyuzi joto nne kwenye balkoni yangu tangu asubuhi. Manyunyu. Mawingu yameshuka hadi kwenye vibao vya maduka, na nguo nilizofua Jumatano bado mbichi. Nyumba za huku hazina joto la ndani, kwa hiyo naandika nikiwa nimevaa koti, soksi jozi mbili, na kinyongo.

Theluji haikuanguka.

Nimechukizwa. Mbingu siilaumu, haikumwahidi mtu kitu. Nawalaumu wanaume kumi na wawili wenye akili timamu, wenye kompyuta, wenye watoto nyumbani wanaowaita baba, pamoja na mwanamke mmoja wa miaka arobaini na saba aliyewahi kufundisha jiografia. Mwanamke huyo ni mimi.

Nianze mwanzo, nisije nikajidanganya siku nikisoma tena haya.

Shabani ni Mzanzibari, wakala wa mizigo, mwenye ofisi katika jengo la Tianxiu. Mawakala wa mizigo wote hufuatilia hali ya hewa, maana kimbunga kikipita baharini kontena hukwama bandarini na wateja wa Dar hupiga simu kutukana. Ndivyo alivyozijua zile tovuti za kigeni ambako kompyuta kubwa hupiga hesabu za hewa ya dunia nzima na kutoa ramani mpya kila baada ya saa sita. Kuna hesabu za Wamarekani na kuna hesabu za Ulaya. Kijani ni mvua, waridi ni mvua iliyochanganyika na barafu, buluu ni theluji. Msimu wa vimbunga ulipokwisha, Shabani hakuziacha ramani. Akaanza kuwinda theluji. Theluji, Guangzhou! Bibi anayeniuzia mboga, aliyezaliwa hapa na kuzeekea hapa, anasema hajaiona hata siku moja.

Wengine wakamfuata. Kila mmoja akanunua kipimajoto, akakitundika dirishani, na kila asubuhi akawa anamtumia Shabani ujumbe wa simu: nyuzi ngapi, mawingu gani, upepo wa wapi. Shabani anaandika yote kwenye daftari kubwa la jalada jeusi. Mimi nilijiunga Novemba. Nilifundisha jiografia Bukoba miaka kumi na minne, nikachora kilele cha Kilimanjaro ubaoni mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, nikawaeleza watoto jinsi theluji inavyofanyika, nami sijawahi kuigusa. Nilitaka kuigusa. Hilo nalikiri mapema.

Hadi hapo ulikuwa mchezo, na mchezo sina ugomvi nao.

Ugomvi wangu ni safu ya pili ya lile daftari.

Tangu mwaka jana, serikali ya huku ilipoanza kubana viza, askari husimama kwenye daraja la waenda kwa miguu, pale tunapotokea mtaa wa Dengfeng. Ukiwa mweusi unasimamishwa. "Huzhao!" Yaani pasipoti. Basi Shabani akaanza kuandika, kando ya nyuzi joto za kila siku, kama askari walikuwepo au hawakuwepo. Kufikia Krismasi alikuwa na siku nne za chini ya nyuzi sita, na siku zote nne daraja lilikuwa tupu. Akazizungushia kalamu nyekundu, akatutangazia.

"Chini ya sita hawatoki. Hawa askari wa kusini, baridi hawaiwezi. N'nakwambieni, sayansi hii."

Siku nne! Nimewahi kugombana magazetini na mawaziri waliojenga sera juu ya msingi mpana kuliko huo. Nimeandika makala ya kumvua nguo mhadhiri aliyetoa hukumu kwa mifano mitatu. Lakini siku ile, ndani ya ofisi ya Shabani, nikiwa na chai ya tangawizi mkononi, nilicheka na kusema, "Profesa umetisha."

Kisha likaja jino la Deo.

Deo ni mtu wa Moshi, muuza simu, mpole, mmoja wetu katika kikundi. Viza yake ilikwisha Novemba, ombi la kuiongeza likakataliwa, na tangu hapo anaishi kwa kujificha katika chumba cha ghorofa ya tano, kichochoro cha nyuma ya Dengfeng. Dirisha lake ndilo lenye kipimajoto kizuri kuliko vyote, kwa sababu halipati jua kamwe. Ijumaa ya wiki iliyopita gego lake la chini lilianza kuuma. Jumapili shavu lilikuwa limevimba. Daktari wa meno tunayemjua sote, Bi Liang, ana kliniki ndogo ng'ambo ya daraja. Ni mwendo wa dakika saba, sita ukiwa na haraka.

Ila daraja liko katikati.

Jumatatu ramani ya Wamarekani ikatoa rangi ya buluu juu ya Guangzhou kwa siku ya Jumamosi. Ofisini kwa Shabani watu walisimama nyuma ya kompyuta kama wanaangalia fainali. Hapo hapo mpango ukazaliwa, na ulikuwa mtamu kiasi kwamba hakuna aliyeuuliza swali: Jumamosi theluji itaanguka, askari hawatatoka, Deo atavuka daraja kwenda kung'olewa jino, sisi tutakuwa juu ya paa la Tianxiu tukipiga picha. Kila mtu atapata chake. Shabani alimpigia Deo simu papo hapo.

"Vumilia, kaka. Siku tano tu. Utavuka kama mfalme, na theluji begani."

Tukampelekea vidonge vya maumivu. Tukampelekea na supu. Tukajisikia watu wema.

Jumanne ramani ikaifuta theluji. Jumatano ikairudisha. Ile ya Ulaya haikuionyesha hata mara moja, wiki nzima, ikabaki kijani tu, mvua, mvua, mvua. Shabani akasema ya Ulaya "huchelewa kuona". Sikiliza hiyo! Ramani inayokuambia usichotaka huwa imechelewa, na inayokuambia unachotaka ndiyo yenye macho. Namjua mwanasiasa wa aina hii, namjua mchungaji wa aina hii, na kumbe namjua pia mwalimu wa jiografia wa aina hii, maana nami niliacha kufungua ile ya Ulaya kuanzia Jumatano.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo linaloniwasha tangu mchana.

Jumanne alasiri kulikuwa na jua. Nyuzi kumi na mbili. Nilikuwa nakwenda Shiling, kwenye viwanda vya ngozi, kutazama mikoba ninayomnunulia mteja, nikapita darajani kwenda kupanda basi. Hakukuwa na askari hata mmoja. Wauza soksi walikuwa wametandaza bidhaa zao pale pale askari wanaposimama. Niliporudi, baada ya muda wa saa nne, bado hakukuwa na askari. Daraja lilikuwa wazi alasiri nzima, na Deo alikuwa dakika saba kutoka kwenye kiti cha Bi Liang.

Sikumpigia simu.

Haikunijia kabisa. Kanuni ilisema askari hutoka siku za joto, kwa hiyo macho yangu yaliona daraja tupu na kichwa changu kikapita. Jioni nilimtajia Shabani kama kichekesho. Akafikiri kidogo, akasema, "Hiyo tusiiandike, itatuharibia daftari." Na haikuandikwa.

Nimesoma vitabu vingi maishani. Vimenisaidia nini darajani siku ya Jumanne?

Leo, basi. Saa sita mchana tulikuwa juu ya paa. Kumi na watatu wote, ukimtoa Deo tuko kumi na wawili, na makoti, na kamera, na Njoroge wa Nairobi amevaa kofia ya sufu inayofunika hadi masikio. Mvua ya baridi. Kisha, kama saa sita na robo, vitu vikaanza kugonga kofia zetu, tik, tik. Chembe za barafu, ndogo kama mchele uliovunjika. Zikadunda kwenye saruji na kuyeyuka. Watu wazima wakapiga kelele. Njoroge aliruka akamkumbatia Shabani: "Msee, tumeimanga! Tumeimanga!" Yaani tumeipata. Mimi nikanyoosha kiganja. Chembe mbili zikatua, nikaziangalia zikiwa maji, na moyo wangu ulifurahi. Naandika hilo kwa aibu, lakini ulifurahi.

Kisha nikatazama chini.

Walikuwepo. Askari wanne darajani, makoti ya mvua ya plastiki, chupa ya chai juu ya ukingo, wamesimama kwa raha zao kama wasimamavyo siku yoyote. Nyuzi nne. Mmoja alikuwa anakagua pasipoti ya mtu huku mwenzake amemshikia mwavuli.

Simu yangu ikalia. Deo. Sauti yake ilitoka kama ya mtu mwenye pamba mdomoni.

"Mama Koku, theluji imeanguka?"

"Kidogo."

"Na wao? Wapo?"

"Wapo, Deo."

Nilisikia anahema. Kisha akaniuliza, kwa adabu ile ile ya siku zote:

"Basi nivue koti?"

Alikuwa amelivaa tangu saa kumi na mbili asubuhi. Koti, viatu, skafu ya kufunika shavu, amekaa kitandani akingoja sisi tumwambie mbingu imesemaje.

Sijui nilimjibu nini. Najua nilichomwambia Shabani, maana watu wote wa paani walikisikia. Nilimwambia daftari lake ni upuuzi, na sisi tuliolishangilia ni wapuuzi kuliko daftari. Akanijibu, macho kwenye kamera, "Bi mkubwa, tulikosea nyuzi moja tu. Ingekuwa tatu wasingetoka." Nyuzi moja! Mtu anaoza taya, naye anarekebisha kanuni.

Nikashuka. Nikavuka daraja. "Huzhao." Nikatoa yangu, halali, askari akaigeuza kurasa zote kama anatafuta nauli iliyopotea humo, akanirudishia. Nikaingia kwa Bi Liang na Kichina changu cha sokoni, ambacho kinajua bei na rangi na "hakuna", nikashika shavu langu, nikaonyesha ng'ambo, nikasema rafiki, anaumwa, hawezi kuja.

Akaniuliza maneno mawili tu: ghorofa gani?

Nikaonyesha vidole vitano. Akachukua mkoba wake, akafunga mlango, akatangulia.

Ilichukua muda mfupi kuliko kumenya muhogo. Siku tisa! Siku tisa na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kumwomba mwanamke huyu avuke daraja ambalo yeye hulivuka kila siku bila kuulizwa chochote. Tulikuwa na kompyuta mbili za mabara mawili zinazotupigia hesabu ya mawingu, na hakuna aliyekwenda kugonga mlango.

Darajani askari yule yule akanyoosha mkono tena, "Huzhao." Bi Liang, ambaye ananifika begani, alimfokea kwa sauti ya kumfokea mjukuu, sikuelewa hata neno, na mkono ukarudi mfukoni. Ngazi za Deo akazipanda akisimama kila ghorofa kupumua. Mlangoni alimtazama Deo, akamshika paji la uso, kisha akanigeukia na kunisema kwa muda mrefu. Hayo niliyaelewa yote bila kujua maneno.

Akamketisha karibu na dirisha, chini ya kile kipimajoto chetu kizuri. Sindano ya ganzi, akangoja, koleo. Deo alishika mkono wangu hadi pete ikanichuna. Jino lilitoka na usaha mwingi, nikashika beseni, nikatazama. Nilijilazimisha kutazama. Harufu yake bado iko kwenye mkono wa koti hili ninaloandikia.

Bi Liang ameacha vidonge na kuniandikia saa za kuvinywa. Ameandika pia jina la hospitali na kuchora mshale: homa isiposhuka kufikia kesho asubuhi, Deo apelekwe huko. Sumu imekaa muda mrefu mno. Hospitali iko ng'ambo ya daraja. Pale mapokezi watataka pasipoti. Deo anajua maana yake, mimi najua, na Bi Liang nadhani anajua, maana alichora mshale ule taratibu sana.

Alasiri Shabani alikuja. Alikuwa ameshika bilauri iliyofunikwa kwa mfuko wa nailoni. Alikusanya chembe za barafu paani amletee Deo, na njiani zikawa maji. Nikamwambia atoke. Nilimwambia vibaya, kwa maneno ambayo singemruhusu mwanafunzi wangu ayatumie.

Deo akainua mkono kutoka kitandani. "Mwache, Mama Koku. Na mimi nilitaka kuiona."

Akaipokea bilauri, akayatazama maji kwenye mwanga, akaiweka kwenye shavu lake lenye moto. Shabani alisimama pale mlangoni, hakujua mikono yake aiweke wapi. Kisha akakaa sakafuni, na nilipoondoka bado alikuwa amekaa. Sijamsamehe. Sijajisamehe mimi kwanza, kwa hiyo yeye asubiri foleni.

Nimerudi nyumbani kuoga, kula, kuandika haya, kisha narudi kupokea zamu ya kukaa naye. Jua limezama nusu saa iliyopita, kama lilikuwepo. Ujumbe umeingia kutoka kwa Njoroge, kwa kikundi chote: ramani mpya inaonyesha buluu kwa Alhamisi. Nimeufuta.

Kipimajoto cha balkoni nimekitoa. Kesho asubuhi nitapima homa ya Deo. Ikiwa imeshuka, nitampikia uji. Ikiwa haijashuka, tutashuka ngazi pamoja, mimi na yeye, na tutavuka daraja lile kukiwa na jua au mvua au askari arobaini, nami nitaongea hadi wanichoke.

Atavaa koti lake, na hakuna atakayemwambia alivue.