Nyumba Iliyosogezwa kwenye Ramani

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Limehifadhiwa jaladani. Kazini anaitwa Rubani.
Jinsia na umri: Mwanamke, miaka 38
Kazi: Mrusha droni, ofisi ya upimaji ardhi
Makazi: Nyumba ya kupanga, nyuma ya kituo cha mafuta

Nimeonywa kwamba niseme ukweli. Nitausema, maana safari hii ukweli unamuumiza mtu ninayetaka aumie.

Nafanya kazi chini ya mpimaji mkuu wa ofisi yetu. Mtu huyo alikuwa shemeji yangu. Alimwoa dada yangu mkubwa, fundi cherehani, wakaachana, na mahakama ikamwachia dada nyumba iliyo kando ya barabara inayopanuliwa. Tangu hapo hamtaji kwa jina. Humwita "yule aliyeniibia nyumba", hata mbele yangu, hata mbele ya wageni. Mimi nilikuwa nameza mate na kuendelea na kazi.

Mnamo Jumatatu tarehe 4, asubuhi, mimi na yeye tulikwenda kuipiga picha barabara hiyo kutoka juu. Naomba nieleze kazi yetu kidogo, afande, ili kieleweke alichofanya. Droni ikitegemea akili yake peke yake, ramani yake inaweza kukaa kando ya mahali pake kwa mita kadhaa. Kwa hiyo kabla haijaruka tunatandaza chini vibao vyenye miraba myeusi na myeupe, na kila kibao tunakipima mahali kilipo kwa kipokezi cha setilaiti ambacho hakikosei zaidi ya upana wa vidole viwili. Baadaye kompyuta inaviona vibao hivyo pichani na kuivuta ramani yote ikae juu ya vipimo vyake. Vibao ndivyo vinavyoishika ramani. Vikisogezwa baada ya kupimwa, ramani nayo inakwenda kombo, na kwa macho huwezi kujua.

Nilivipima vyote. Nikaanza kurusha. Yeye akaniambia, "Wewe macho yako yawe juu. Huku chini niachie mimi." Nilimshukuru, jua lilikuwa kali.

Jumanne niliketi kwenye kompyuta. Mbali na vibao, mimi hupima pia vitu ambavyo mtu hawezi kuvibeba: kona ya mfuniko wa chemba ya maji taka, msingi wa bomba la maji. Hivyo siviingizi kwenye hesabu, ni vya kukagulia tu. Upande wa juu wa barabara kila kitu kilikubaliana. Upande wa kwa dada, chemba ilikuwa imehama zaidi ya mita mbili kuelekea barabarani, na nyumba yake imehama nayo. Kwenye ramani, chumba cha cherehani kilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Kwenye ardhi hakimo.

Nikapitia picha moja moja. Katika picha ya pembeni, karibu na uzio wa dada, kuna mwanamume ameinama, kofia ya bluu kichwani, kibao kiko kwapani. Kofia ile naijua. Dada ndiye aliyemshonea.

Hapo nilipaswa kumpigia simu injinia wa mradi. Sikupiga. Jumamosi kulikuwa na mkutano wa wakazi, na yeye ndiye angeonyesha ramani ukutani. Nilitaka asimame. Nilitaka aeleze kwa sauti yake ile ya kujiona, dada akiwa amekaa mbele, kisha mimi niinuke na picha ile. Nilishapanga mpaka gauni nitakalovaa. Alhamisi nilimpelekea chai mezani, nikamuuliza, "Bosi, ramani iko sawa?" Akasema, "Safi kabisa, Rubani." Nilifurahi, afande. Nilirudi kwenye kiti changu natabasamu peke yangu.

Sikujua kwamba ramani alikwisha kuipeleka kwa mkandarasi.

Ijumaa tarehe 8, kama saa tatu asubuhi, jirani wa dada alinipigia. "Kimbia. Wanambomolea dada yako, na yumo ndani!"

Nilikuta ukuta wa chumba cha cherehani uko chini. Dada alikuwa amerudi ndani kuokoa mashine yake. Walikuwa wanamtoa, mkono wake wa kulia umesagika. Dereva wa buldoza alikaa kwenye vumbi akirudia, "Nilionyeshwa ramani, jamani. Nilionyeshwa ramani."

Nilifungua kompyuta juu ya boneti ya gari la injinia. Nikamwonyesha chemba, nikamwonyesha picha. Akaamuru mashine izimwe, kisha akamgeukia mpimaji mkuu, ambaye alikuwa amefika naye. "Hii kofia ni ya nani?"

Yule bwana akanitazama mimi. "Hesabu hizi umezifanya lini?"

"Jumanne."

"Jumanne!" alisema kwa sauti, kila mtu asikie. "Kwa hiyo siku zote hizi ulikuwa unajua."

Nilimzaba kofi. Kofi hilo ni langu, liandikwe. Dada alikuwa kwenye machela, karibu nasi. Alisikia.

Jioni nilimfuata wodini. Daktari alikwisha kumwambia kwamba vidole viwili havitarudi. Hakumuulizia mwanamume yule.

"Ni kweli, mdogo wangu? Jumanne?"

"Ni kweli, dada. Nilitaka nimwaibishe mbele yako."

Akasema, "Kumbe mmenibomolea wawili." Akageukia ukutani.

Afande ameniuliza kama hasira zimepungua. Hazijapungua. Nimeleta picha zote na vipimo vyote. Wakili wa ofisi alinishauri niseme kosa nililigundua Ijumaa. Nimekataa, kwa sababu nikidanganya kuhusu siku moja tu, yule atapata mwanya wa kuponyoka. Kama kunyamaza kwangu ni kosa, nishitakiwe. Ombi langu ni tupandishwe kizimbani pamoja, nimwone uso anaposomewa hukumu.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyatenda. Nimesomewa, nimekubali kuwa ni yangu.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

Maelezo ya askari: Nimeyaandika mwenyewe na kumsomea shahidi, hakubadilisha neno. Majeruhi ametembelewa wodini. Yuko tayari kutoa ushahidi dhidi ya mtuhumiwa. Ameomba siku hiyo asikalishwe chumba kimoja na shahidi huyu.