Sauti ya Hondohondo Uliyoiita Yako

Mdogo wangu Aloyce,

Sina haja ya kuuliza hali, maana nimekuona kwenye simu ya jirani. Umesimama mbele ya wageni huko Arusha, filimbi yetu ya udongo mkononi, unasema, "Niliibuni peke yangu, nikiwa msituni." Jirani akaniuliza, "Kumbe ndugu yako ni fundi hivi? Mbona hujawahi kutuambia?" Nikammiminia chai.

Peke yako. Haya.

Tulikuwa tunakata majani ya ng'ombe kule juu Kibosho, hondohondo akalia kwenye mkuyu. Ukasema, "Dada, huyu ndege anapigia kelele ndani ya kopo." Nikasema, basi tumtengenezee kopo lake, filimbi ya udongo yenye umbo lake. Wazo lilikuwa lako, sikatai. Lakini udongo wa kijitoni niliuchekecha mimi. Ile pembe juu ya mdomo wake, tuliyoiacha tupu ndani ili itoe sauti ya pili, nzito, niliivunja na kuiunda upya mpaka vidole vikapasuka. Wewe ulipuliza na kucheka: "Hii ina mafua, dada." Ya kwanza ilipolia sawasawa, mama alitoka na ufagio akidhani hondohondo amevamia mapapai yake. Siku ile tulikubaliana: kokote itakakokwenda, itatajwa kwa majina mawili.

Kwenye ile video nilisikiliza filimbi kuliko maneno yako. Ililia kama kifaranga. Nikajua ulichofanya: umechukua niliyokwisha kuichoma, ukaikandia udongo mbichi ukapata umbo la kutolea nyingine. Udongo wetu husinyaa, Aloyce. Sentimita kumi ukiwa mbichi, tisa ukitoka tanurini. Ukinakili ile ya tisa unapata nane na kidogo, matundu nayo yanapungua upana, sauti inapanda. Haitapatana hata na kinanda cha kanisani.

Jana shangazi Anyesi alikuja na isale lako, jani limefungwa fundo. "Pokea, mama. Isale halikataliwi." Ni kweli, kwetu anayeletewa isale husamehe, na neno lile halirudiwi. Nikanyoosha mikono yote miwili. Ndipo akaongeza, "Na amesema umpe vipimo vya filimbi. Wageni wameagiza, na zake zinagoma."

"Shangazi, hayo mawili yamepanda basi moja?"

"Mimi nimetumwa tu. Usinitolee macho."

Hapo uliniumiza kuliko Arusha yote. Uongo wa mbele ya wageni ningeuita tamaa ya ujana. Lakini isale? Watu waliokuwa hawasalimiani hurudi kula pamoja kwa jani hilo. Wewe umelifanya chambo.

Nimelipokea. Nimekusamehe, na barua hii ndiyo mwisho wa neno hili. Hata mama hatalisikia kwangu. Ila isale huomba msamaha, haliombi vipimo. Vipimo vinabaki huku.

Na hata kulikata hukujua. Umelikata na kipande cha shina, na shina la isale hushika mizizi. Leo asubuhi nimelichomeka kama tunavyopanda mipaka yetu yote, kati ya kihamba cha migomba ulichorithi na kiwanja nilichonunua. Limesimama wima. Ukija, usikatize migombani kama zamani. Zunguka njiani, piga hodi. Chai utapewa, kwenye kikombe cha wageni.

Nakutakia kazi njema huko uliko.

Dada yako