Jina la Bibi Ndani ya Kioo Cheusi

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na naomba pia usinicheke, maana najua wengine hukuandikia habari za wachumba na mawifi, na mimi nimekuja na kompyuta iliyolala ikakataa kuamka. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari, si msemaji sana, nikiwa na neno naliandika, na hiyo kompyuta mpakato ni ya kaka yangu, aliniachia alipokwenda chuoni, tunaiweka kwenye meza ya mama ya kukatia vitambaa, kwa kuwa mama ni fundi cherehani na meza yake ndiyo iliyo karibu na soketi.

Bibi, mama yake mama, ameanza kusahau, lakini alasiri akiwa kati ya kulala na kuamka, mvua ikigonga bati polepole, huwa anasema mambo ya zamani kama mtu anayesomewa sikioni. Juzi mama alikwenda kupeleka sare za wateja, tukabaki wawili, bibi akasimulia nyumba yao nyuma ya mashine ya kusaga, jinsi unga ulivyoelea hadi uchochoroni watu wakaonekana kama wanatembea mawinguni, na mama yake akimsuka dirishani huku akimwita jina ambalo sijawahi kulisikia, kwetu yeye ni Bibi tu, nami nikaandika, nikaandika, vidole vikaenda kama vya mtu aliye usingizini, wala sikulikariri lile jina, nilijua liko salama pale. Aliposinzia nikataka kuhifadhi, kompyuta ikaniuliza faili liitweje, na mimi sikuwa na jina linalofaa, yote niliyofikiria yalikuwa kama ya insha ya shule, basi nikashusha kifuniko nikaenda kuosha vyombo ili niwaze vizuri.

Niliporudi, mama alikuwa ameshakaa kwenye cherehani, ile sumaku yake ya kuokotea pini, aliyoitoa kwenye spika mbovu, ameiegemeza ubavuni mwa kompyuta isianguke. Nikafungua, kioo cheusi tii. Feni inavuma, taa ndogo inawaka na kufifia kama inapumua, lakini kioo kiko kama dirisha la nyumba waliyohama watu.

Nikampigia kaka.

"We bonyeza kitufe cha kuwashia mpaka izime, uwashe upya. Hiyo si yai."

"Na nilichoandika?"

"Hukuhifadhi?"

"Iliniuliza jina."

"Ukaona haya kujibu?" Akacheka mpaka akakohoa.

Nikamuuliza bibi, mama yako alikuwa akikuitaje dirishani? Akanitazama kwa upole. "Dirisha gani, mjukuu wangu?"

Tangu hapo nimekataza mtu yeyote kugusa chochote kwenye meza ile, hata pini, mama anakatia vitambaa sakafuni na pasi anapigia kwa jirani, akipita karibu nami anapumua kwa nguvu. Mshauri, nibonyeze au niendelee kungoja?

Mjukuu wa Bibi


Mjukuu wa Bibi,

Sijakucheka. Nimetikisa kichwa tu, halafu nikasoma tena pale penye unga.

Usibonyeze hicho kitufe! Kaka yako anajua kompyuta, ila hakumsikia bibi. Feni inayovuma na taa inayopumua ni dalili kwamba iko hai na bado imeshika ulichoandika. Ukiizima kwa nguvu, yamekwenda.

Sasa nikugombeze. Mwandishi gani anaacha maneno ya bibi yake nje kwenye mvua kwa sababu hajapata jina zuri la kuyafunika? Ungeandika hata "aaa". Halafu ukaweka ulinzi mezani, na kumbe unalinda ugonjwa wenyewe. Kompyuta nyingi hujua zimefunikwa kwa kuhisi sumaku ndogo iliyofichwa kwenye kifuniko. Nawe umeiachia sumaku ya spika ubavuni! Kifuniko umekifungua, lakini maskini inahisi bado imefunikwa, ndiyo maana imelala.

Kwa hiyo mrudishie mama yako sumaku yake, aipeleke chumba kingine, na umwombe radhi kwa habari ya pasi. Chaji usiichomoe. Shusha kifuniko taratibu, subiri kidogo, kiinue, gusa herufi yoyote. Kioo kikikaidi, ongeza mwanga kwa vitufe vyake. Kikikaidi tena, iunganishe na televisheni kwa waya, mara nyingi kilichofichika hapa huonekana kule. Hata hapo ikishindikana, mwite fundi aje nyumbani ikiwa bado inawaka. Kuzima ni neno la mwisho, na umwachie yeye alitamke.

Bibi yako usimbane kwa maswali. Mtu aliye katikati ya ndoto akiulizwa, huamka. Kaa naye mvua ikinyesha, kalamu mkononi, akisema andika, akinyamaza nyamaza naye.

Kioo kikiwaka, usianze kusoma kwa starehe, nakujua. Bonyeza hifadhi, na itakuuliza tena faili liitweje. Safari hii unalo jibu: shuka moja kwa moja mpaka dirishani, pale mtoto anaposukwa, uchukue jina analoitwa. Liandike. Kisha mgeukie bibi yako umwite hivyo, kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeshika kitana.