Farasi Watatu wa Tauseef

Jumamosi, 11 Februari

Farasi watatu! Nimeshindwa kwa farasi watatu tu. Abbu, baba yangu, alikodi mashine ya kupimia nguvu za injini, magari ya mtaa yakapanda kwa zamu pale karakanani kwake. Corolla yangu — injini ya 1600, kamshafti mpya, bomba pana la moshi, jasho la mwaka mzima — farasi 94. Makofi. Kisha Mehran ya binamu yangu Tauseef. Kigari kilichozaliwa na injini ya 800, yeye kakitia ya Kijapani ya 660. Ndogo zaidi! Ila ina turbo kubwa kuliko kichwa chake. 97.

Abbu akambusu kipaji cha uso mbele ya watu. Mimi hajanibusu tangu nilipofaulu darasa la kumi.

Jumatatu, 13 Februari

Kwenye chai hakuna habari nyingine. Eti niuze farasi wangu ninunue punda! Mama yangu, Ammi, kauliza hao farasi wanakula nini. Nikamjibu wa Tauseef wanakula roho yangu. Akacheka. Sikuwa natania.

Wasemao hasidi hana sababu hawanijui. Ninazo tatu.

Nimemwambia Abbu turbo ni ujanja, inaishindilia injini hewa tu. Ukubwa ndio ukweli. Akasema injini haijui fahari, inajua hewa na petroli, na anayeilisha vizuri ndiye fundi. Yaani Tauseef!

Jumatano, 15 Februari

Tauseef kaongeza presha ya turbo. Anataka 110. Kaja mpole: "Sarmad bhai, hebu nisikilizie. Wewe ndiye mwenye masikio."

Kweli. Ya Abbu yameliwa na miaka arobaini ya injini. Mimi ndiye ninayemsikilizia. Tukatoka. Gia ya tatu, turbo ikaamka — tik-tik-tik. Kama dengu kavu ndani ya sufuria. Inagonga! Hewa imezidi petroli. Mlima mmoja mrefu tu, pistoni itatoboka.

"Vipi, bhai?"

"Safi," nikasema.

Safi!

Ijumaa, 17 Februari

Sijasema. Kesho.

Jumapili, 19 Februari

Tauseef anampeleka Abbu Murree, kule juu milimani, kuona theluji. Kwa Mehran, si kwa Corolla yangu. Mtaa mzima uko nje, injini inanguruma. Mtu kauliza kama presha ile itahimili mlima. Abbu akanishika bega: "Sarmad kaisikiliza. Mwanangu huyu akisema safi, mimi napanda macho nimefumba."

Mwanangu huyu! Mbele ya wote. Nilichokililia wiki nzima nimepewa, tena kwa uongo. Nikisema sasa, nitanyang'anywa papo hapo.

Nimeingia ndani kumchukulia shali. Ninayo mkononi. Honi. Ammi anauliza naandika nini saa hizi. Honi tena — na sasa ni Abbu mwenyewe anayeita, nifanye haraka, yeye keshakaa —